Mama Pumzi, Fundi wa Laptopu Zenye Homa

Kisigino cha kwanza kinagonga ngazi, na Mama Pumzi anafungua mwavuli.

Si mvua. Asubuhi ni kavu, jua limeshaupiga ukuta wa ng'ambo ya barabara, na yeye yuko ndani, kwenye kijipenyo kilicho chini ya ngazi za jengo la ghorofa tatu. Lakini kila anayeshuka humwagia vumbi kichwani, na mezani kwake imelala laptopu iliyopasuliwa kifua, moyo nje. Kwa hiyo anaikinga kwa mwavuli mpaka miguu ipite. Kisha anaufunga, anapuliza, anaendelea.

"Huyo ni mwalimu wa ghorofa ya pili," anasema bila kuinua macho. "Anashuka kama anazidai ngazi. Sasa mkewe anafuata. Yule mtaratibu, hadondoshi hata punje."

Mke wa mwalimu anashuka. Kweli, hadondoshi hata punje.

Mama Pumzi anaiwasha laptopu na kulaza sikio juu yake, kama muuguzi anayesikiliza kifua cha mtoto. Feni inazunguka, inakwaruza, inazunguka tena.

"Kikohozi kikavu," anatangaza. "Kuna kitu kimemkaba huyu."

Anachukua kibano, anakiingiza kwenye mbavu za shaba zinazotolea joto, na kuvuta taratibu. Kinatoka kitambaa cha vumbi, kizito, cha kijivu, kimefumwa vizuri kuliko sweta nyingi zinazouzwa mitaani. Anakiinua juu kwenye mwanga wa balbu, akitabasamu.

"Blanketi zima. Halafu mwenyewe ananiuliza kwa nini mashine inaona joto!"

Mwanamke huyu, mama wa watoto wawili, amejipatia jina kwa ugonjwa mmoja tu: laptopu zinazochemka na kusuasua wenyewe wakicheza gemu. Skrini ikivunjika, anakuelekeza kwa fundi mwingine. Betri ikivimba, vilevile. Lakini mashine ikianza vizuri, ikapiga dakika chache za mchezo, halafu gari likaanza kurukaruka kama chura na mpira ukaganda hewani kabla haujafika golini, hapo umefika kwenyewe.

Maelezo yake ni mepesi. Ndani ya mashine kuna kadi ya picha, ambayo kazi yake ni kuchora kila jani, kila tairi na kila unywele unaouona kwenye gemu, na kuchora upya kabla hujapepesa jicho. Kazi hiyo inaipandisha joto. Joto lisipopata pa kutokea, mashine hujipunguzia mwendo yenyewe isije ikaungua.

"Haijaharibika, inajihurumia," anasema. "Wewe ukipanda mlima na gunia kichwani, huku mtu amekuziba pua, utakimbia? Utatembea. Akizidi kukuziba, utakaa chini. Ndivyo nayo."

Joto alilijua zamani, kabla hajaijua kompyuta. Kwa miaka kumi na mmoja alipiga pasi kwa dobi mmoja, amesimama kutwa, mashati yakimfika kidevuni. Alijifunza kupima moto kwa mgongo wa mkono, na kuisikia harufu ya kola iliyo karibu kuungua wakati kola yenyewe bado inajiona salama. Dobi alipofunga kazi, dada yake alimtupia laptopu mbovu ya watoto aichezee asije akalia. Akaifungua kwa kisu cha siagi. Alipogusa kile kibati cha juu ya kadi ya picha, mgongo wa mkono ukamwambia: huku kunaungua kola.

Pesti, ule uji mzito unaopakwa kati ya kadi na kibati ili joto lipite, ilikuwa imekauka kama udongo wa kiangazi. Akauliza, akapata pesti mpya, akapaka. Mashine ikafufuka. Dada yake akaitaka irudi siku hiyohiyo.

Habari zake mtaani zimeota mikono na miguu. Wapo wanaoapa kwamba alikuta ukoo mzima wa mende ndani ya laptopu moja, babu hadi vitukuu, akawapa notisi ya siku moja wahame.

"Uongo mtupu," anakanusha. "Notisi sikuwapa."

Kisa cha yai, hata hivyo, anakithibitisha. Kijana mmoja alitaka kuhakikisha kama kweli mashine yake inaweza kukaanga. Haikukaanga. Ila herufi A mpaka leo inabonyezwa huku pua imezibwa.

Siku nzuri, fundi huyu hupoza mashine nne. Angeweza kupoza saba, anasema, ingekuwa si hizo ngazi. Vumbi analolitoa kwenye feni saa tatu, ngazi zinamrudishia saa nne, na mara mbili ameshamkabidhi mteja mashine safi ikarudi na uchafu wa palepale. Ndiyo maana chumba cha mbele cha jengo hilo kilipobaki wazi, chenye sakafu ya vigae, dirisha pana na mlango unaofungika, Mama Pumzi alikosa usingizi.

Hakuwa peke yake. Msusi wa ghorofa ya kwanza naye alikitaka, kwa ajili ya mwanga.

Neno la mwisho lilikuwa la mwenye nyumba, bibi mmoja mnene mwenye sauti ya king'ora, ambaye watu wote humwita Bibi Ambulansi. Aliendesha gari la wagonjwa mpaka alipostaafu, na inasemekana alikuwa akifika kwa mgonjwa kabla mgonjwa hajaugua. Mikono iliyozoea usukani haikupenda kustaafu. Watoto wake walipomwona anakata kona na sahani ya chakula, walimnunulia laptopu yenye gemu la mbio za magari.

Tangu hapo, kila Jumamosi alasiri yeye na mdogo wake wa kiume, fundi magari mstaafu aitwaye Breki, anayeishi mbali, hushindana kupitia mtandao. Hawashindanii kitu cha mfukoni. Wanashindania shikamoo. Anayeshindwa anamwamkia mwenzake kwa sauti, spika zikiwa juu na familia za pande zote mbili zikisikiliza.

Na Bibi Ambulansi alikuwa ameshamwamkia mdogo wake Jumamosi baada ya Jumamosi.

"Niliyembeba mgongoni!" alimlalamikia Mama Pumzi, akiiweka laptopu juu ya meza ya chini ya ngazi. "Niliyemfuta makamasi! Ananijibu, 'Marahaba mwanangu, hujambo?' Naongoza mizunguko miwili, wa tatu mashine inapandwa na homa, gari linakwenda kama limefungwa kwenye mti. Litibu hili, fundi."

"Nitalitibu, Bibi."

"Sikiliza basi. Nikimshinda Breki Jumamosi ya mwisho wa mwezi, chumba cha mbele ni chako. Nikishindwa, msusi anahamia Jumatatu. Nimemaliza."

Msusi, aliyekuwa anapita, alisikia. Alirudi juu ngazi mbilimbili, na vumbi lake Mama Pumzi alilikinga kwa mwavuli.

Kazi ikaanza. Alifungua, akasafisha feni zote mbili mpaka zikang'aa, akabadilisha pesti. Aliichezesha gemu hapohapo kibandani kwa saa nzima, mgongo wa mkono ukiwa pembeni ya matundu. Mashine ikabaki vuguvugu kama chai iliyosahaulika. Akairudisha.

Kesho yake Bibi alikuwa mbele yake tena. "Mzunguko wa tatu. Imechemka."

Akaifungua upya. Akapima chaja, isije ikawa inatoa umeme kiduchu. Chaja nzima. Akaingia kwenye mipangilio ya gemu, akaifunga isichore picha nyingi kuliko kioo kinavyoweza kuonyesha, maana huko ni sawa na kupika chungu cha harusi kwa mgeni mmoja. Akahakikisha mashine inatumia kadi yake yenye nguvu, si ile ndogo ya kazi za barua. Akaichezesha tena. Vuguvugu. Akairudisha.

Ikarudi. Imechemka.

"Hapo nilianza kuogopa," anakiri. "Kwangu nzima, kwake mgonjwa. Nikajisemea, ama nyumba ya Bibi iko karibu na jua kuliko zetu, ama mimi ni kipofu."

Msusi alianza kupita na tepu ya kupimia. Alipima upana wa mlango wa chumba cha mbele. Alipima dirisha. Alisema ni kwa ajili ya vioo, hana haraka, pole na kazi.

Zikiwa zimebaki siku mbili, Mama Pumzi alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: aliifuata mashine nyumbani. Alipanda hadi ghorofa ya tatu, akabisha, akasema, "Bibi, leo sitaki nicheze mimi. Cheza wewe, kama siku zote. Mimi nitakaa kimya."

"Karibu ukae. Baba watoto! Mlete mwanao tucheze."

Mume wa Bibi Ambulansi ni mzee mwembamba, mpole, fundi cherehani wa siku nyingi, ambaye maneno yake ya mwaka mzima mkewe huyamaliza kwa asubuhi moja. Alitokea chumbani ameibeba laptopu kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba keki.

Laptopu ilikuwa imevaa gauni.

Halikuwa gauni la mchezo. Kitambaa kizito cha tabaka mbili, sponji katikati. Marinda kuzunguka pande zote. Maua yaliyotariziwa, nyuzi za rangi tatu. Na chini, lastiki iliyolibana vizuri, hata hewa isipate pa kupenya. Ukiacha kioo na vitufe, tundu lilikuwa moja tu, la waya wa chaja, nalo limezungushiwa ushonaji safi kama tundu la kifungo cha koti.

Mama Pumzi aliyashika marinda.

"Hili gauni," alisema polepole, "mbona sikuwahi kuliona?"

"Namvua kabla hajaja kwako," mzee alijibu. "Mgonjwa huendi naye hospitali na nguo ya sherehe. Watamchafulia."

"Na akirudi?"

"Akirudi namvisha."

Bibi Ambulansi alishaanza kukanyaga mafuta. Mzunguko wa kwanza, upepo. Wa pili, kwenye marinda kulianza kutoka harufu ambayo mwanamke aliyepiga pasi miaka kumi na mmoja aliitambua bila kuuliza. Wa tatu, gari likaanza kuruka kama chura.

"Unaona? Unaona?" Bibi alifoka. "Homa!"

Mzee alikuwa amesimama nyuma ya kiti, mikono mgongoni, anatabasamu. Alishona lile gauni kwa majuma mawili, macho yenyewe hayaoni vizuri, kwa sababu mashine ile inamchekesha mkewe. Akauliza kwa upole, "Umelionaje, fundi?"

Mama Pumzi anasema swali hilo lilimtoa jasho kuliko laptopu zote alizowahi kuzifungua. Chumba chake cha mbele kilikuwa mle ndani ya marinda. Na moyo wa mzee nao ulikuwa mle.

"Zuri, Babu," alisema. "Zuri mno. Hebu nipe mkono wako."

Akauchukua mkono wa mzee, akaugeuza, akauweka mgongo wake pembeni, pale lastiki ilipoyafunika matundu. Mzee aliurudisha upesi.

"Yallah! Mtoto anaungua!"

"Pua ziko hapo, Babu. Na hapa nyuma. Na tumboni ndiko anakovutia hewa. Umemvisha vizuri mpaka hana pa kupumulia."

Mzee alilitazama gauni, akamtazama mkewe. "Kumbe Breki anakucheka kwa sababu yangu."

"Ananicheka kwa sababu mama yetu alimdekeza," Bibi alisema. "Wewe umeniharibia nini? Miaka yote hii nimeungua kwa mapenzi yako, na bado nipo. Haya, mtengenezeeni nguo ya hali ya hewa."

Ndipo ulipofanyika mkutano wa mafundi wawili juu ya meza moja. Mmoja alionyesha kwa kidole, mwingine akachora kwa chaki.

"Mgongo wazi," Mama Pumzi alisema.

"Mgongo wazi?"

"Na mbavu wazi. Na tumbo."

"Katika nyumba hii?" Mzee alivua miwani.

"Kata, baba watoto," Bibi aliamuru. "Yale uliyokuwa ukinishonea mimi nilipokuwa msichana yalifunika nini?"

Mzee alikohoa, akavaa miwani, akashika mkasi. Alikata palipochorwa, akazipinda kingo, akayaacha maua upande wa mbele yasipomkera mtu. Kwa wazo lake mwenyewe akashona na vijimto vinne vigumu vya kuwekwa pembeni chini, mashine inyanyuke na hewa ipite. Mama Pumzi alipoviona alipiga kofi la furaha. "Babu, hivi nitaagiza!"

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, sebule ya ghorofa ya tatu ilijaa. Mwalimu na mkewe walikuwepo. Msusi alikuwepo na tepu yake. Spika ilikuwa juu, na sauti ya Breki ilijaa chumba.

"Dada! Umekunywa maji? Koo lisije likakukauka kwenye shikamoo."

"Endesha, mdogo wangu. Mdomo hauna tairi."

Mbio zikaanza. Mama Pumzi hakuitazama barabara. Alipiga magoti kando ya meza, mgongo wa mkono karibu na matundu. Mzunguko wa kwanza, vuguvugu. Wa pili, vuguvugu. Wa tatu ulipoingia, msusi aliacha kutafuna.

Gari halikuruka. Lilinyooka kama uzi. Feni zilivuma sauti moja nzuri, ndefu, bila kikohozi, na Bibi Ambulansi, kwa mara ya kwanza katika maisha ya mashine ile, aliuona mzunguko wa nne akiwa mbele. Mzee alianza kupiga makofi kabla ya wakati.

Ikabaki kona moja. Bibi yuko mbele, Breki anamnusa. Na hapo, kwa mazoea ya mtu aliyebeba wagonjwa maisha yake yote, Bibi Ambulansi alipunguza mwendo. Kona ile ilikuwa kali, na asiyejua kukata kona taratibu humwangusha mgonjwa kutoka kwenye machela.

Breki hakuwa na mgonjwa. Alipita ndani, akamaliza mbele kwa urefu wa boneti.

Kwenye spika upande wa Breki kulikuwa na vigelegele. Msusi alikunja tepu, akaikunjua, akaikunja tena. Mama Pumzi aliinuka kutoka magotini na kuanza kutafuta viatu vyake mlangoni. Chumba kilikuwa kimekwenda, kimekwenda kwenye kona.

Bibi Ambulansi aliweka kiganja juu ya mashine. Akakiacha hapo.

"Dada, sema," Breki alichokoza. "Leo nini? Mtandao? Homa? Umeme?"

"Hakuna," Bibi alijibu. "Mashine haina neno. Umenishinda mwenyewe. Shikamoo!"

Breki alibabaika. "Mara... marahaba. Dada, mbona umeisema vizuri hivyo? Unanitisha."

"Kaa utishike. Leo nimejua tatizo ni kona, na kona nitaifanyia mazoezi." Kisha akageuka. "Fundi, unakwenda wapi?"

"Bibi, ulisema ukishinda..."

"Alisema akishinda," msusi alidakia. "Sote tulisikia."

"Nilisema, na nilisema vibaya. Kazi ya fundi ilikuwa moto. Kona ilikuwa yangu. Nimeendesha gari la wagonjwa miaka yote, sijawahi kukosea njia nikamlaumu aliyenizibia pancha." Akachomoa ufunguo kwenye kishada kiunoni. "Chumba hiki hapa. Na wewe msusi, usinune. Baraza la juu kabisa lina mwanga kuliko huko mbele. Ulilikataa kwa uvivu wa ngazi."

Msusi alinuna mpaka chai ilipoletwa. Baada ya kikombe cha pili aliomba angalau kona ndogo ya chumba cha mbele, ya kioo kimoja tu.

"Nywele kwenye feni zangu?" Mama Pumzi alimjibu, huku akiubusu ufunguo. "Bora nirudi kwenye vumbi."

Asubuhi ile ya mwavuli ilikuwa kabla ya hayo yote; sasa ni wiki ya pili tangu ahamie. Dirisha liko wazi, vigae vinang'aa, na idadi ya mashine anazopoza kwa siku imefika sita. Lakini kilichobadilika zaidi ni namna ya kupokea wagonjwa. Hafungui mashine yoyote kabla hajamwona mwenyewe akicheza.

Asubuhi hii ameingia mlinzi wa benki, mtu wa miraba minne, ndevu zimekatwa vizuri, laptopu kwapani. Anasema akicheza mpira, kipindi cha pili wachezaji wake wanatembea.

"Cheza hapa nione," Mama Pumzi anamwambia. "Kama unavyocheza kwako."

"Kama ninavyocheza kwangu hasa?"

"Hasahasa, kaka yangu."

Mlinzi anatazama mlangoni, anatazama dirishani. Anavua viatu. Kisha mwili wote ule unashuka, unalala kifudifudi sakafuni, anakunja jaketi lake kama mto, anaiweka laptopu juu ya jaketi na kuanza kucheza huku akitikisa nyayo hewani.

Mama Pumzi anacheka mpaka anashika ukuta. Matundu ya chini yote yamezama kwenye jaketi. Ugonjwa umepatikana, na bisibisi haijaguswa.

Mpango wake wa mwezi ujao ni kununua kitanda. Anataka na sofa moja kuukuu, na mto wa manyoya, kwa sababu huko ndiko mashine za watu zinakougulia. Msusi, ambaye amepita kumsalimia kabla ya kupanda barazani kwake, anashika kiuno.

"Kitanda dukani, mwenzangu? Watu wakipita dirishani watasema nini?"

"Watasema, 'Pole kwa kuuguza,'" anajibu Mama Pumzi, akimpa mlinzi mkono ainuke. "Nami nitaitikia, 'Ahsante, amepata nafuu.'"